Bibi Aliyebaki Kwenye Kiti

Harusi ya mdogo wangu nusura ivunjike kwa ajili ya mazombi. Najua inavyosikika. Wakwe watarajiwa walipouliza kwa nini tunaomba kusogeza tarehe, niliwaambia shangazi anaumwa mgongo, maana ningesema ukweli wangekwenda kuposa kwingine.

Kwetu binti hatoki nyumbani bila shangazi. Mchungaji anaweza kuwa tayari na pilau liko jikoni, lakini kama dada wa baba hayupo ndani kukaa na binti, kumfunga kitenge na kumshika mkono mpaka mlangoni, hakuna kinachoendelea. Na sisi shangazi tunaye mmoja tu. Yuko Kibondo, anauza maharage, na alikuwa amemkatia mama yangu simu na kuapa kwamba Kasulu hakanyagi tena. Kosa la mama? Alimtetea mwanamke mmoja wa kwenye sizoni, tamthilia ya runinga.

Mwaka ule mji mzima ulikuwa unaangalia hiyo sizoni ya mazombi. Ni ya huko ng'ambo, kwa lugha ambayo sijakutana na mtu Kasulu anayeijua, lakini nani anajali? Yuko DJ anayeweka sauti yake juu, anatafsiri kila neno kwa Kiswahili, anatania na kutia chumvi. Unapeleka flashi dukani, unawekewa, unarudi nayo nyumbani. Mama alikuwa akiangalia Kasulu, shangazi akiangalia Kibondo, na kila Jumapili baada ya ibada wanapigiana simu kujadili. Nilifurahi, nikasema angalau wajane hawa wamepata la kuzungumza. Laiti ningejua!

Ikaja sehemu ya nne. Mazombi wameingia kijijini. Ndani ya nyumba yupo mwanamke na mtoto mchanga, pamoja na mama mkwe wake, kikongwe asiyeweza kutembea, amekaa kwenye kiti. Mume yuko safarini. Mlango unavunjwa. Mwanamke anamfunga mtoto mgongoni, anamtazama mama mkwe, kisha anatokea dirisha la nyuma. Bibi anabaki kwenye kiti.

Jamani! Mimi ni fundi cherehani, nina kibaraza changu sokoni, na kwa wiki nzima sikushona kitu cha maana. Muuza viatu wa jirani yangu, mzee wa watu aliyetokea pwani, akasema yule mwanamke angempakia bibi kwenye toroli. Toroli liko wapi, mzee wangu? Umeliona? Mama ntilie akadakia, basi baiskeli, mbona sisi zamani tulikuwa tunawapeleka wagonjwa hospitali ya Kabanga kwa baiskeli? Mteja mmoja aliyekuja kupunguza sketi akabishana mpaka akaondoka ameisahau sketi yenyewe. "Dada," nilimwita, "umekuja kushonewa au kuhukumu watu?" Hakugeuka. Na kila mmoja alikuwa na uhakika kwamba yeye, siku hiyo ikimfika, angefanya la maana. Ushujaa wa kwenye benchi hauna gharama.

Haya, hao ni wa sokoni, wanachoka wanakwenda zao. Nyumbani ndiko kulikokuwa na kazi. Jumapili ile mama alikuwa ameweka simu kwa sauti kubwa, kama kawaida yake, kwa hiyo nilisikia kila kitu.

"Alifanya alichoweza," mama alisema. "Na bibi mwenyewe alimruhusu."

"Alimruhusu wapi?" shangazi akafoka. "Bibi wa watu analia, mkwe wangu usiniache, na yeye huyoo, dirishani! Yule si mtu. Zombi ni yeye."

Mama akasema polepole, "Wifi, wewe hukuwepo."

"Hukuwepo wapi?"

Shangazi akakata simu.

Mimi si mjinga. Nilijua kabisa hiyo "hukuwepo" ni ya wapi. Tulipokimbia Burundi mimi ndiye niliyekuwa mgongoni. Baba alikuwa kazini mbali. Nyumbani tulikuwa mama, mimi, na bibi, yaani mama yao baba na shangazi, ambaye miguu ilikuwa imemvimba hata kusimama hawezi. Shangazi alikuwa ameolewa kilima kingine, akavuka kwa njia yake. Walipokutana kambini aliuliza, "Mama yuko wapi?" Mama akajibu, "Amebaki." Basi. Tangu hapo wamelima pamoja, wameuguza pamoja, wamemzika baba pamoja, na hilo neno moja halijaongezewa la pili.

Ndiyo maana nilikasirika. Watu wazima wawili, wote wameokoka, wanashindwa kuulizana swali moja kwa miaka yote hiyo, halafu wanakuja kugombania bibi wa kwenye runinga! Na wakati huo mdogo wangu analia chumbani, anauliza kama ataolewa au hataolewa.

Nikafunga cherehani, nikaenda Kibondo.

Shangazi alinipokea vizuri, hilo siwezi kumnyima. Nikala ugali wa muhogo na maharage mpaka nikaomba radhi. Kisha, hata mikono haijakauka, akawasha runinga. "Njoo uone mwenyewe mnyama mnayemtetea."

Nikaangalia. Mlango ukavunjwa, mtoto akafungwa mgongoni, na DJ akalia kwa sauti ya kikongwe: "Mkwe wangu, usiniache, nitakufa peke yangu!"

Nikashika kichwa. Kwetu Kasulu bibi huyohuyo, kwenye kiti hichohicho, alikuwa amesema: "Nenda, mkwe wangu, mwokoe mjukuu." Ilikuwa sauti nyingine kabisa. Walikuwa wanasikiliza madijei wawili tofauti!

"Shangazi, hawa watu wanatunga!"

"Watunge kwa nini? Kazi yao ni kutafsiri."

"Wanatunga, nakuambia. Wa kwetu kasema nenda, wa kwenu kasema usiniache. Bibi ni mmoja!"

"Mwana wanje, mwanangu," aliniambia kwa ile sauti yake ya kufunga mjadala, "mimi nina masikio. Kama huyu ni mwongo, nionyeshe ile yenye sauti ya bibi mwenyewe. Nitakuja kuisikia."

Sikubisha. Alikuwa ametamka mwenyewe kwamba atakuja. Nilipoondoka alinipa mfuko wa maharage wa mama, maana ugomvi ni ugomvi na maharage ni maharage, akaufunga kamba kama anavyofunga siku zote. Sijawahi kufungua mfuko wa shangazi bila mkasi. Anakazia mpaka unajiuliza ameficha dhahabu.

Kupata sizoni isiyotafsiriwa kulinitoa jasho. Jamaa wa duka la muvi alinitazama akidhani nimechanganyikiwa. "Sasa utaelewa nini?" Nikamwambia nataka kuona mdomo wa bibi, na yeye asiniulize zaidi.

Shangazi alikuja Jumamosi alasiri. "Wifi," alisema. "Wifi," mama akajibu. Wakakaa kwenye kochi moja, huyu mwisho huu na yule mwisho ule, na katikati pangeweza kukaa kwaya. Mdogo wangu alileta chai. Nikachomeka flashi.

Mlango ukavunjwa. Mwanamke akamfunga mtoto. Akamtazama mama mkwe, na mama mkwe akamtazama yeye. Kisha dirisha. Bibi hakufungua mdomo.

"Rudisha," alisema shangazi.

Nikarudisha. Bibi hakusema kitu.

"Rudisha tena."

Nikarudisha, na uvumilivu ukaniishia. "Mmeona? Hakuna aliyesema nenda, hakuna aliyesema usiniache! Mmenuniana kwa ajili ya midomo ya wanaume wawili msiowajua! Haya, sasa tupange tarehe ya harusi."

Hakuna aliyenisikiliza. Shangazi alikuwa bado anatazama runinga.

"Na mama," aliuliza, "alisema nini?"

Mama aliweka kikombe chini.

"Hakusema kitu, wifi. Nilisubiri aseme. Hata anitukane, nilisubiri. Alinivuta nguo nikapiga magoti mbele yake, akamchukua huyu kitandani kando yake, akamweka mgongoni mwangu mwenyewe. Akanifunga ingobyi yake, ile mbeleko aliyowabebea ninyi. Alifunga fundo kifuani, akaweka jingine juu yake, na jingine. Kisha akanisukuma."

Mimi nilikuwa nimesimama na rimoti, sijui niiweke wapi.

"Tulipofika upande huu mtoto analia njaa, na mimi nashindwa kumshusha. Wakaja wanawake wengine kunisaidia, wakashindwa. Lile fundo halikufunguka, wifi. Tulilikata kwa kisu."

Shangazi aligeuza kichwa. Hakumtazama mama. Alitazama mfuko wake wa maharage pale mlangoni, ambao nilikuwa bado sijapata muda wa kuukata kamba.

"Hata mbuzi aliowafunga mama," alisema, "tulikuwa tunakata kamba."

Akasogea kwenye kochi mpaka akamfikia mama. Akaweka kiganja kifuani kwake.

"Hapa?"

"Hapo."

Ndipo wakalia, wote wawili, kwa sauti, kama walivyopaswa kulia siku ile kambini. Na mimi niliyekuwa na hasira ya wiki nzima nikajikuta nimekaa sakafuni kati ya miguu yao, nalia kuliko wao, kwa sababu ya bibi ambaye sura yake siijui na mikono yake ndiyo iliyoniweka mgongoni.

Harusi ilifanyika. Shangazi aliingia ndani na binti, akamfunga kitenge kiunoni, akakaza, akaongeza fundo jingine.

"Shangazi, kinanibana," mdogo wangu alilalamika, akinitazama mimi, maana anajua mkasi hautoki mkobani mwangu.

Nilimwambia anyamaze, atembee nacho hivyohivyo.