Makofi Katika Uwanja wa Kibondo

Nyasi zilizofyekwa zikianza kukauka hutoa harufu tamu kidogo, na kila nikiisikia uso wangu huwaka kwa aibu. Ndivyo ulivyonukia uwanja wa ndege wa Kibondo miaka ya sabini, tulipokuwa tumeshahamia kijiji cha ujamaa. Kaka yangu Filbert alikuwa anasomea urubani Dar es Salaam. Alituma salamu kwa kondakta wa basi kwamba Jumamosi asubuhi, katika safari ya mafunzo, angetua Kibondo. Mwalimu wake angekaa pembeni kumtazama tu. Baba, ambaye kwa majigambo hakuwa na mpinzani, aliitangaza habari hiyo hadi kijiji cha Murungu.

Kwetu Uha mgeni wa heshima hangojewi mlangoni. Mnamfuata njiani, mnainama, mnampigia makofi taratibu, na salamu hazina haraka. Basi baba akatupanga katikati ya uwanja, kwa kuwa ndiyo njia aliyokuwa anakuja nayo. Mama alisimama mbele kabisa, amevaa kitenge kipya. Ndege ikatokea upande wa Kasulu, ikashuka hadi nikamwona Filbert nyuma ya kioo. Tukapiga makofi. “Mwakeye, mwanangu!” mama alimwamkia kwa Kiha, ameinama. Ndege ikanguruma, ikainuka juu ya vichwa vyetu. Ikazunguka, ikarudi, ikatukuta palepale, tena tumesogeleana zaidi. Ikainuka tena, ikaenda zake. Watu walitawanyika bila hata kuagana. “Ameniona, akakataa salamu yangu,” mama alisema, akajifunika uso kwa upande wa kitenge chake njia nzima. Nilimwonea haya kaka yangu, nikatamani nisingekuwa wa nyumba ile.

Likizo ilipofika Filbert alikuja kwa basi. Kabla hajaketi, baba alimvutia nyuma ya nyumba, nilipokuwa nachambua maharage. “Baba, ndege haisimami kama baiskeli,” Filbert alisema kwa sauti ya chini. “Ningetua ningewaua wote.” Baba alimshika bega. “Usiyaseme hayo kwa watu, mwanangu. Uso wangu nitauweka wapi?” Filbert akaingia ndani, akapiga magoti mbele ya mama, akapiga makofi. “Mama, nisamehe. Nilikosa adabu.” Mama alilia, akamsamehe, akampakulia ugali wa muhogo. Nami nikanyamaza, maana mtoto hamuumbui baba yake.

Siku hizi nikishuka uwanja wa Kigoma, wajukuu wananingoja nyuma ya uzio, wanapunga mkono, basi. Ni salama zaidi, lakini makofi yale hawayajui. Baba na mama wameshakufa. Filbert amerusha ndege mpaka akastaafu, na katika ukoo wetu bado anatajwa kama mtoto aliyekataa salamu ya mama yake. Juzi, msibani Kasulu, kijana mmoja alimtania kwa hilo, nami niko pale, mtu mzima, sina baba wa kumwogopa. Nilifungua mdomo, lakini Filbert aliniwahi.

“Ni kweli,” alisema akicheka. “Nilikosa adabu.”