Ufito na Daftari la Kichocho

Siku niliyokabidhiwa daftari la kuorodhesha watoto wa dawa ya kichocho, nilijiona waziri. Mtoto wa Iyula, nimekulia kwenye kahawa, leo natumwa bondeni Ndalambo na kalamu mbili mfukoni na ufito wa kupimia kimo begani! Kimo ndicho kinachosema mtoto ameze vidonge vingapi. Na asiyeandikwa, kidonge chake hakiji. Kwa furaha hata uji wa asubuhi ulinishinda.

Boma la kwanza lilikuwa la wafugaji waliohamia na ng'ombe wao. Mama mwenye boma alinikaribisha vizuri, akanipa kigoda na maziwa ya mgando. Watoto walijaa uani. Basi mimi na kiherehere changu nikanyoosha kalamu: mmoja, wawili, watatu...

Mama akasimama. Akawaswaga wote ndani, akafunga mlango.

"Binti, wanaohesabiwa ni ng'ombe," akasema. "Watoto wangu waliwahi kuhesabiwa. Mwaka haukuisha, nikazika."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikamwomba radhi, nikairudisha kalamu mfukoni. Kisha nikausimamisha ufito ukutani, nikauliza kwa sauti nani ana ubavu wa kufika mstari wake mwekundu wa juu.

Mlango ukafunguka wenyewe. Walitoka wakisukumana, shingo wamezirefusha, wengine wamesimama kwa ncha za vidole. "Visigino chini, we mjanja," nikawa nawatania. Kila aliyepimwa alinitajia jina lake, nami nikaandika jina na kimo bila kutamka hesabu yoyote. Moyo ulinidunda kwa raha. Nilikuwa naiweza kazi yangu, na mama naye alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga.

Nilipofunika daftari akaniuliza, "Umewahesabu?"

"Hapana, mama. Nimeandika majina tu."

"Na dawa itakuja kwa hayo majina?"

"Kwa hayo tu. Ambaye hayumo, hapati."

Mama akainuka. Akaingia ndani, akatoka amemshika mkono msichana mwembamba ambaye sikuwa nimemwona kabisa. Akamsimamisha mwenyewe kwenye ufito, akamnyoosha mgongo.

"Huyu ndiye anayekojoa damu," akasema. "Mwandike awatangulie wenzake."

Nikarudi ukurasa wa kwanza, nikamwandika juu kabisa ya majina yote.