Selipher na Likizo ya Miguu

Selipher aliposikia kwamba kuna watu wanaolipa pesa ili watembee kwa miguu, alicheka mpaka akashika sinki. Kwao Vihiga, Kenya, watu walitembea kwa kukosa nauli. Sasa huyu madam Muna, mwajiri wake, mwalimu mzima, mwenye gari na dereva, alikuwa anakwenda Uhispania na walimu wenzake kupanda vilima, kijiji hadi kijiji, mkoba mgongoni, kulala kwenye nyumba za wageni na kula vyakula vya wenyeji.

"Aki madam, na mtalipa?"

"Tushalipa, Selipher. Halas."

Kicheko kilimkauka alipobaki peke yake jikoni. Ukweli ni kwamba alikuwa na wivu, tena mwingi. Nyumba ya Muna na mumewe Saif pale Sulimaniyah, Riyadh, ilikuwa nyumba ya heri: chakula tele, mshahara kwa wakati, hakuna wa kumpigia kelele. Ila geti lilikuwa na kufuli, na ufunguo ulikaa kwa bosi Saif. Hakulifunga kwa ubaya. Yeye ndiye kafili, mdhamini wake kisheria, na moyoni mwake aliamini mfanyakazi akipotea mjini, lawama ni yake. Basi tangu Selipher ashuke kwenye ndege, safari yake ndefu ya miguu ilikuwa kupeleka taka kwenye pipa lililokuwa nje ya geti. Mtu aliyekulia kwenye miteremko, akipanda na kushuka na debe la maji kichwani, sasa usiku miguu ilimwasha kwa kukosa kazi.

Alitumaini watamchukua Uhispania walau awabebee mizigo. Badala yake alipelekwa Jeddah, mtaa wa Ruwais, akae na Bi Wahida, mama yake Muna, mpaka wasafiri warudi.

Alimkuta bibi amenuna. Bi Wahida alitoka Unguja akiwa msichana, wazazi wake walipokimbilia Jeddah baada ya mapinduzi, na miaka yote hiyo Kiswahili chake hakikuchuja. Naye alitaka kwenda Uhispania, na binti yake amemkatalia.

"Ati magoti! Magoti yangu miye, kayapima lini yeye?"

Asubuhi ya safari, Muna alipopita kumuaga, Bi Wahida alimng'ang'ania mpaka akatoa ahadi. "Haya, mama. Nikirudi tutatoka hapa mpaka baharini na kurudi. Usipokaa kitako njiani, mwakani utakwenda na sisi, na Selipher atakuja kukushika mkono. Yalla, niache nende, ndege itaniacha."

Muna alisema vile kama mtu anavyombembeleza mtoto ili atoke mlangoni. Selipher, aliyeshika sanduku nyuma ya mlango, aliyapokea maneno yale kama kiapo cha mahakamani.

Jioni ile ile, baada ya alasiri, alimvisha bibi raba wakatoka. Bi Wahida alikaa kwenye benchi la kwanza. Akakaa la pili. Akakaa kwenye ngazi ya kinyozi, akamuuliza Myemeni wa watu habari za wajukuu zake. Baharini hawakufika. Selipher alirudi nyumbani karibu alie, maana aliiona Uhispania yake ikipotelea kwenye ngazi ya kinyozi.

Muna naye akawa anatuma picha kwenye simu ya mama yake. Nyumba nyeupe zimebandikwa mlimani. Wazee wamekaa milangoni. Migahawa yenye mapaja ya nguruwe yanayoning'inia darini, na sauti ya Muna ikieleza kwamba kila mahali wanaomba samaki na mayai tu. Bi Wahida alisema astaghfirullah, kisha akaomba picha nyingine. Kila alichokiona kwenye sahani alitaka kipikwe.

"Hii nayo?" Selipher aliuliza siku moja. "Si ni chipsi mayai, bibi?"

"Ndiyo yenyewe. Wamekwenda mbali kote huko kula chipsi mayai."

Siku ya wali ndipo walipogombana. Picha ilionyesha sufuria pana kama sinia, wali wa zafarani na kamba juu, bila kifuniko. Bi Wahida alikataa katakata wali usiofunikwa. Akaufunika, akapalia makaa juu ya kifuniko kama pilau la kwao. Wali ukaiva vizuri, wakala, bibi akaenda kuswali. Selipher akaona chini ya sufuria pameshika, pamekuwa pa kahawia. Kwao wali ulioshika ni aibu ya mpishi, na mama yake angemsema mpaka Krismasi. Akamwaga maji upesi, akaficha sufuria chini ya sinki.

Bibi alirudi na kijiko mkononi. "Ukoko wangu u wapi?"

"Ukoko gani, bibi?"

Alipoiona sufuria imejaa maji, Bi Wahida alikaa chini kama aliyefiwa. "Weye mtoto! Miye nimekula wali nikiungojea ukoko!" Wakati huo huo simu ikalia: Muna akisimulia kwamba wenyeji wa huko wanagombea ile sehemu iliyoshika chini, mpaka wanagongana vijiko. Bi Wahida alimwelekezea Selipher kijiko kitupu, na Selipher akatamani aingie mle ndani ya sufuria.

Kesho yake wakapika tena, makusudi, wakakaa sakafuni na sufuria katikati yao, kila mmoja na kijiko chake. Ulikuwa mtamu, ukilia mdomoni. Selipher alifurahi kwa namna aliyokuwa ameisahau, akaanza kusimulia habari za mjomba wake Nahashon, ambaye ng'ombe wake wa mahari alifikishwa ukweni, akala majani, akatazama watu, kisha akageuka akarudi kwao kwa miguu yake, arusi ikasimama. Adhana ikamkatiza.

Jioni, walipofika benchi la kwanza, Bi Wahida alisema, "Enhe, huyo ng'ombe?" Selipher akaendelea kusimulia huku anatembea. Bibi akamfuata. Wakapita benchi. Wakampita kinyozi, akapungiwa mkono tu.

Hapo ndipo Selipher alipoelewa. Magoti hayakuwa na neno. Bibi alikaa kwa sababu nyumbani hakuwa na wa kuzungumza naye, na kwenye mabenchi kulikuwa na watu. Tangu siku ile ng'ombe wa Nahashon alirudishwa ukweni na kutoroka mara nyingi kuliko ilivyotokea kweli. Kila walipokaribia benchi alikuwa yuko katikati ya mto, au amesimama mlangoni mwa kanisa. Baharini wakafika, na kurudi wakarudi.

Muna akarejea na pua iliyobabuka na plasta kwenye visigino. Mama yake hakumpa hata siku ya kupumzika. Wakatoka watatu, mama na binti mbele, Selipher nyuma. Kwenda kulikuwa kwepesi, Muna akihadithia vijiji vya milimani ambako alitoka asubuhi apendako na hakuna aliyemuuliza anakwenda wapi. Kurudi, visigino vikamnyamazisha. Selipher akaona jicho la bibi limetua kwenye benchi, na miguu yake ikilifuata.

"Bibi!" alipaza sauti kutoka nyuma. "Sikukwambia wazee walivyoamua juu ya ng'ombe!"

Bi Wahida akanyoosha mgongo, akalipita benchi. Aliyekaa ni Muna.

"Ngoja, mama. Visigino."

"Nani kakaa kitako?" Bi Wahida alisimama mbele yake, mikono kiunoni. "Nauliza, nani?"

Muna alicheka mpaka machozi. "Halas. Mwakani sote. Na wewe Selipher, unataka kuona nini Uhispania?"

Selipher angeweza kusema chochote, na pale pale kingempendeza madam.

"Spain nitashukuru, madam. Lakini mwakani ni mbali. Mimi nataka kutembea Sulimaniyah. Jioni, kazi ikiisha. Peke yangu."

Muna aliacha kucheka. Alitazama viatu vyake vya safari. "Nitazungumza na Saif," alisema, na Selipher, aliyewahi kusikia maneno hayo kwa mambo mengine, hakuweka matumaini.

Riyadh maisha yakarudi yalivyokuwa, hadi alasiri moja alipokuta ufunguo kando ya birika, umefungwa uzi. Saif alipita akijifanya anatafuta maji. "Uwe umerudi kabla ya isha," alisema, akatoka haraka kama mwenye haya.

Selipher alivaa abaya yake akafungua geti mwenyewe. Alipita maduka ya vitambaa, akapita muuza juisi, akaenda mpaka barabara ilipopinda, kwa mwendo wake wa Vihiga, bila kuhadithia mtu wala kungojea mtu. Alikuwa na furaha mpaka akaona haya kutabasamu barabarani.

Aliporudi alikuta ujumbe wa sauti kutoka Jeddah.

"Selipher, nimepiga simu nikakuulizia. Muna kanambia, ametoka kutembea. Nikamwambia, sema tena. Kasema tena. Haya mwanangu, sasa nambie, huyo ng'ombe wazee wakamwachia aende kwao, au hawakumwachia?"

Selipher akakaa kwenye ngazi, akavua viatu vyenye vumbi, akaanza kumhadithia.