Mikono Kichwani Mwangu

Kila ninaponusa mshumaa uliozimwa sasa hivi, nalikumbuka kanisa la misheni nilikozoea kusali, na siku iliyonipeleka huko.

Mama alikuwa muumini wa kanisa jingine, la ngoma na vilio, juu ya mashamba ya chai ya Ikonge. Siku hiyo wanawake walinizunguka wakaniwekea mikono kichwani, mikono mizito iliyonuka majani mabichi ya chai. Wasichana wenzangu wote walikuwa wameshalia na kuanguka. Nilibaki mimi tu, nimepiga magoti, macho makavu.

"Paza sauti, binti!" mhubiri alinihimiza. "Roho hamshukii aliyefunga mdomo."

Ningejifanya kulia, wangeniachilia. Mama, aliyekuwa akiongoza nyimbo, alinitazama.

"Mimi huomba nikiwa nimenyamaza," nilisema.

Ngoma ikakatika. Mhubiri akatangaza kwamba nina pepo bubu, nifungiwe humo kanisani siku tatu bila chakula. Mama akanijia. Nilijikunyata nikingoja kofi, lakini alinishika mkono akanitoa nje bila kumuaga mtu.

Tulipofika mtoni alisimama, akanigeukia.

"Ukinyamaza, unamsikia?"

"Namsikia, mama."

Jumapili iliyofuata alinifikisha kwenye mlango wa kanisa la misheni, ambako watu walisali kimya, akanifunga kitambaa cha kichwa vizuri, akanisukuma ndani taratibu. Kisha akapanda kilima peke yake kurudi kwa wenzake, ambako hawakumruhusu tena kuongoza wimbo hata mmoja.