Rula ya Sista

Juzi, hapa kwangu Mwankoko, binti yangu alikuwa anajifunza Kihispania kwenye simu. "Hablo, hablas, habla." Vidole vyangu vikajikunja vyenyewe. Nikamuuliza maana yake.

"Ni kusema tu, mama. Nasema, unasema, anasema."

Miaka yote hii nilidhani ni sala.

Utotoni kule Kinyangiri, Sista mmoja Mhispania alitukalisha watoto kwenye kibaraza cha kanisa baada ya rozari, harufu ya mashudu ya alizeti ikitujaa puani, akatukaririsha maneno hayohayo, ya jana, ya leo na ya kesho. Aliyekwama alinyoosha mkono, akapigwa rula vidoleni. Sista alifumba macho akiyatamka, nami nikaamini yanaponya.

Bibi yangu alikuwa amepooza upande mmoja, na sauti imempotea. Alasiri moja, mama akiwa shambani, niliiba ile rula nikaketi kitandani kwake.

"Fuatisha, bibi. Hablo."

Kimya. Nikampiga vidoleni.

"Hablas."

Nikampiga tena. Hakushtuka hata kidogo. Nikaona ananidharau, nikazidi kupiga mpaka ngozi ikachanika.

Kumbe ulikuwa ule mkono uliokufa.

Bibi aliutazama ukitoka damu, akausogeza kando taratibu kwa mkono wake mzima. Kisha akaninyooshea huo mzima, labda ili nisidhani kwamba ananidharau.

Nikaupiga na huo.