Pijo ya Baba na Tela la Dadi

Enzi zetu, na nyinyi mliokulia Shangani mtanishuhudia, gari la mtu mmoja lilikuwa gari la mtaa mzima. Pijo ya Baba, ile ya steshen wagon ya rangi ya maziwa, ilipeleka wagonjwa hospitali, ilileta maharusi, ilisindikiza maiti, na siku za Jumapili ilitubeba sisi watoto tukiwa tumebanana nyuma, magoti yakigusa videvu. Tulikuwa tunaijua sauti yake tangu ikiwa mbali. Tukiisikia tunaacha rede, tunaacha kombolela, hata aliyebakiza kidogo ashinde anaacha, kwa sababu betri yake ilikuwa ya kubahatisha na lazima tu tutaitwa kusukuma. Watoto wa siku hizi gari likigoma hawashuki. Wanatoa simu, wanajipiga picha na uso wa huzuni, wanasubiri dunia iwaonee huruma.

Tulikula vizuri pia, ingawa hatukujua kuwa ni vizuri. Ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vya porini, iliyotoka kijijini Madimba kwa Bibi, korosho tulizozichoma wenyewe mpaka midomo ikababuka kwa utomvu, mabibo yaliyotuharibia nguo za shule, na mama zetu wakitutandika kwa ajili ya madoa yale yasiyotoka. Mama yangu alikuwa na kauli yake moja, "Nguo moja, mwili mmoja, na akili hamna!" Tulikuwa tunaimaliza pamoja naye kwa sauti ya chini huku tunachapwa.

Lakini leo sikukaa kuandika habari za mabibo. Nimekaa kuandika habari ya chuma kimoja, na wivu wangu.

Wivu wenyewe haukuanza na mimi. Ulianza na Baba. Jirani yetu, mhandisi mmoja mwenye kipara kinachong'aa, alikuwa na boti ya faiba, na kila Jumamosi asubuhi aliitoa ikiwa juu ya tela dogo lililovutwa na gari lake. Nyuma ya gari lile kulikuwa na chuma kimechomoza chini ya bampa, mwishoni kina kichwa cha mviringo kilichong'arishwa, na tela lilikaa juu ya kichwa kile kwa kubofya tu, tak! Baba alikuwa anatoka nje na mswaki mdomoni kuangalia. Anasugua meno upande mmoja mpaka gari lile linapotea kwenye kona, kisha anaigeukia Pijo yetu na kuitazama nyuma kwa muda mrefu. Mama alikuwa anacheka jikoni. "Baba Somoe, ingia ndani unywe chai, boti haikuiti."

Somoe ni mimi, mtoto wa kwanza. Kwa hiyo Baba alikuwa Baba Somoe, na hilo lilikuwa jina langu la kujivunia. Nyuma yangu yuko mdogo wangu Dadi, mtoto wa kiume pekee, na kama mna kaka au mdogo wa kiume pekee kwenye familia ya Kusini, sina haja ya kuendelea kueleza.

Mwaka ule niliotoka unyagoni kwa Bibi, Madimba, mambo yangu yalikuwa ya kawaida. Nilivishwa gauni jipya la njano, nikapakwa mafuta, nikafunikwa kanga, nikabebwa mabegani na Shangazi Fatu kutoka kwenye nyumba tuliyofungiwa mpaka uani kwa Bibi. Shangazi Fatu, Mungu amweke pema, alikuwa mfupi. Kila alipoyumba kwenye mchanga nilikuwa namshika masikio, na wanawake wanapiga vigelegele huku wanacheka. Pijo haikuwepo hata kwenye msafara. Ilikuwa imetumwa kuchukua sufuria. Hata hivyo nilikuwa na furaha siku ile, kwa sababu sikujua kama kuna namna nyingine ya kutolewa.

Nilijua mwaka uliofuata, ilipofika zamu ya Dadi kwenda jandoni. Jioni moja Baba aliweka kijiko chini akasema, "Mwanangu ataingia kwa Bibi yake juu ya tela. Linavutwa na gari la baba yake." Mama akamwangalia. Mimi nikamwangalia Dadi, na Dadi akaendelea kula kisamvu kana kwamba amezaliwa akijua hayo yote.

Jamani, nilikuwa na wivu. Sisemi kijiwivu cha kitoto. Mimi na masikio ya Shangazi Fatu, yeye na tela!

Kesho yake tulikwenda Mikindani, kwenye duka la vipuri la Bwana Karimu, ambaye ukoo wake umefanya biashara pale tangu babu wa babu zake. Alitoa vyuma viwili vya kuvutia tela akaviweka juu ya kaunta. Kimoja kilikuwa na mdomo wa wazi na pini nene ya kupitisha katikati. Cha pili kilikuwa na kile kichwa cha mviringo kinachong'aa.

"Bwana Mfaume," akamuuliza Baba, "kwanza niambie, tela lako mbele lina pete au lina kikombe? La pete linataka hiki cha pini. La kikombe linataka hiki cha kichwa."

Baba alikuwa hajawahi kulitazama tela lenyewe. Alikuwa amemwomba Mjomba Hassani wa Kitaya amwazime lile lake la kubebea mpunga. "Tela si shida," akajibu. "Nipe hiki cha kichwa."

"Watu wengi hapa wanachukua cha pini. Matela ya korosho yote ni ya pete."

"Mimi si mtu wa korosho, Bwana Karimu."

Bwana Karimu hakubishana tena. Alikifunga kwenye gazeti na kumpa Dadi akipakate, na kwa sababu amepakata mzigo mzito, Dadi akakaa kiti cha mbele. Mimi nilikaa nyuma na matairi ya akiba mpaka Shangani, nikitazama kisogo chake. Ningekuwa na macho yanayochoma, mdogo wangu angekuwa na kovu mpaka leo.

Kukifunga kulikuwa sherehe. Fundi Nandonde alikuja na gunia lake la spana, akalala chini ya gari, miguu tu ikabaki nje, na nusu ya mtaa ikasimama kuisikiliza miguu ile. "Nzee Mfaume," sauti ikatoka chini, "hapa tunatoboa chesesi yenyewe. Tukifunga kwenye bampa, tela litaondoka na bampa, wewe utafika peke yako." Akatoboa kwa keekee ya mkono, akaingiza bolti, akakaza nati mpaka Pijo ikalia. Alipotoka, kichwa kile kilikuwa kimekaa katikati nyuma ya gari, kinawaka jua.

"Dadi, panda uruke tukipime," Baba akasema. Dadi akapanda akarukaruka, gari likanesa, watu wakapiga makofi. Nami nikasogea nipande. Mama akanivuta mkono. "Wewe umeshatoka unyagoni. Kurukaruka ya nini tena mbele za watu?"

Tangu siku ile kila mtu nyumbani aligonga ugoko kwenye chuma kile. Baba alikigonga mara nyingi kuliko sisi sote na hakuwahi kulalamika. Wavulana wa mtaa walianza kuvifungia ndoano vigari vyao vya waya na kuvuta makopo ya samaki. Na majirani, sijui nani alianza, wakamwita Baba "Baba Dadi". Nilisikia kwa mara ya kwanza nikiwa nateka maji bombani, nikamwaga ndoo nzima miguuni.

Sasa niseme nilivyokuwa. Niliomba chuma kile kivunjike. Kila baada ya swala nilikuwa namwomba Mungu kwa Kiswahili safi, nisije nikakosea kwa Kiarabu akapelekewa mtu mwingine.

Siku ya Dadi kutoka ikafika. Mjomba Hassani alikuwa amelileta tela Madimba jana yake kwa trekta, akaliacha barabarani karibu na kumbi la jando, akarudi Kitaya kuvuna mpunga wake. Wanawake walilipamba usiku ule kwa kanga na makuti, wakaweka kiti chenye mito. Asubuhi mwali wetu Dadi akaletwa: kanzu nyeupe, kofia mpya, miwani ya jua iliyomfunika nusu ya uso, mwavuli juu ya kichwa. Akapandishwa kitini. Ngoma zikaanza. Baba akaingia kwenye Pijo, akarudi nyuma taratibu, kichwa nje ya dirisha, watu wakimwelekeza wote kwa pamoja, "Njoo! Njoo! Kulia! Kushoto! Basi!"

Akashuka kufunga. Akanyanyua mkono wa tela. Mbele yake kulikuwa na pete ya chuma, nene, yenye tundu linalotosha kidole gumba cha mtu mzima. Nyuma ya Pijo kulikuwa na kichwa kikubwa kama chungwa.

Alijaribu kuweka pete juu ya kichwa. Alijaribu kwa kando. Ngoma zikapungua moja moja mpaka zikanyamaza. Mtu akaleta kamba, lakini mwenye kumbi, mzee aliyekuwa amewalea wavulana wale siku zote za jando, akakataa papo hapo. "Mwali haburuzwi kwa kamba kama mbuzi. Likiserereka tumwokote wapi?"

Nami nilikuwa nimesimama pembeni, mikono nimeikunja kifuani, nimejawa na furaha ambayo sijaipata tena katika maisha yangu. Maombi yalikuwa yamefika, tena kwa anwani sahihi.

Baba aliitazama pete. Aliitazama Pijo. Akavua koti, akavua viatu, akaviweka juu ya boneti. Kisha akaushika mkono wa tela kwa mikono miwili. "Mimi ndiye niliyesema ataingia juu ya tela," akasema. "Basi ataingia."

Tela lilisogea hatua moja kwenye mchanga likakwama. Shangazi Fatu akaanzisha wimbo, akaenda kusukuma kwa nyuma. Wajomba wakafuata. Wanawake wakafunga kanga viunoni wakashika mbavu za tela kila upande. Ngoma zikarudi kwa nguvu kuliko mwanzo. Nami nilikuwa nasogea nyuma polepole nijifiche, Baba akaniona.

"Somoe! Njoo huku mbele. Shika hapa karibu yangu."

Nilishika. Ningefanyaje? Tukavuta mpaka uani kwa Bibi, na kila nyumba tuliyopita ilitoka nje kuangalia mwali anayevutwa na baba yake mzazi, pekupeku. Walilia watu. Hawakuwahi kuona jambo kama lile, na hawajaliona tena. Kama chuma kingefaa, Dadi angekuwa mtoto aliyevutwa na gari, na mvua ya kwanza ingeshafuta habari yake. Kwa kosa la Baba akawa mfalme. Hadi leo ukifika Madimba, pamoja na mitambo ya gesi na taa zake zote, wazee wakimwona Dadi wanasema, "Si yule wa tela?" Mimi hakuna anayeniuliza habari ya masikio ya Shangazi Fatu.

Wivu ule nimeubeba muda mrefu. Niliolewa nao, nikazaa nao, nikamzika Baba nao.

Mwezi uliopita alitolewa mjukuu wa Dadi. Mtoto alitahiriwa hospitali, akapona kwa vidonge, akaletwa ukumbini kwa gari la kukodi lenye vioo vyeusi na kiyoyozi, muziki ukipiga mpaka viti vinatetemeka. Alishuka na simu mkononi, hakuinua uso. Gari la Dadi mwenyewe lilikuwa limeegeshwa nje, kubwa, jipya, na chuma cha kuvutia tela nyuma ambacho lilitoka nacho kiwandani. Hakijawahi kuvuta hata tawi.

Tulikaa mimi na yeye kwenye viti vya plastiki, tunakunywa soda. Akaniambia bila hata kunitazama, "Dada, siku ile ya tela nilikuonea wivu mpaka nikalia. Ile miwani ndiyo iliyonisitiri."

Nikamwambia, "We Dadi, usinitanie."

"Sikutanii. Nilikuwa nimekaa juu peke yangu, nimeambiwa nisitikisike, nisicheke. Nakuona wewe na Baba mmeegemeana mabega, anakwambia kitu, anacheka. Nilitaka kushuka nije kuvuta. Alikuwa anakwambia nini?"

Sikumbuki. Nimejaribu tangu siku hiyo, nikipika, nikilala, nikiwa njiani. Nilikuwa nimejaa kinyongo mpaka sikusikia. Nakumbuka jasho la shingo yake na vidole vyake vya miguu vinavyozama mchangani, lakini maneno hayaji.

Wajukuu zetu hawaoneani wivu. Kila mmoja ana chumba chake, simu yake, sherehe yake na gari lake la kukodi, na baba zao wanalipa wakiwa Dar es Salaam. Mimi sasa nimemwachia Dadi tela lake. Ninayemwonea wivu ni yule msichana aliyekuwa amenuna pembeni ya baba yake, anaambiwa kitu sikioni, na wala hasikilizi.