Duka la Vifungo Lililopanda Ghorofani

Nakumbuka asubuhi ile mama alipokuja kuniamsha huku anacheka, mwanangu, na mimi nikajua hapo hapo kuna jambo baya. Bibi yako akipata habari njema hunyamaza kwanza, kama mtu anayeonja chumvi kwenye mboga. Akipata habari mbaya hucheka.

"Amka Aika," akasema. "Tunahamia mbinguni."

Kabla sijaendelea nikwambie ukweli: bado hujazaliwa. Mimi niko kidato cha nne, sketi yangu ya shule inakauka dirishani ninapoandika haya, na mchumba sina, wala usianze kuuliza. Ila mambo haya yote yalipoisha mama alisema, "Haya mtawasimulia wanenu," na mimi najijua. Mbele za watu maneno hunikauka kooni. Huenda hata mbele yako nitaona haya. Basi nakuandikia sasa, wakati kumbukumbu bado ni ya moto, uje usome mwenyewe siku utakapofungua biashara yako. Utafungua tu. Kwetu hata anayesomea upadri huishia kuuza kitu.

Mbinguni alikokusema mama ni ghorofa ya pili. Duka letu la Kariakoo lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya zamani, ile ya bati lenye kutu na baraza barabarani. Siku hizi nyumba za aina hiyo zinaondoka moja baada ya nyingine, zinaota maghorofa. Mwenye nyumba wetu alikuja kwa adabu zote, akanywa chai, akasema ameelewana na mjenzi na mwisho wa mwezi watabomoa. Mama alipata chumba kingine mtaa wa pili, kwenye jengo jipya. Lakini kilikuwa juu, nyuma ya ngazi, baada ya mtu anayeuza masanduku ya safari. Barabarani hakuna anayekiona.

Sasa nikueleze duka lenyewe. Mama anauza vifungo, zipu, nyuzi na lesi. Ukuta mzima ni maboksi ya vifungo, na kila boksi limeshonewa kifungo kimoja kwa mbele, sampuli ya vilivyomo ndani. Pembeni yake kuna bei. Mteja hana haja ya kusema chochote, ananyoosha kidole tu. Nilipokuwa mdogo niliwapenda sana wateja wa kunyoosha kidole. Hawakunilazimisha kuongea, na mimi sikuwalazimisha. Tulielewana vizuri mno.

Mteja mkubwa wa mama ni Mama Halima, fundi wa nguo za harusi kutoka Moroni, kule Komoro. Ananunua kwa ajili yake na kwa ajili ya mafundi wenzake wa mtaa mzima. Huja kabla ya msimu wa harusi, bila taarifa, na namba yake ya simu hatuna. Na hapo ndipo palipokuwa na hofu yetu. Akikuta kifusi mahali pa duka, atafanyaje? Atauliza. Na Kariakoo ukiuliza njia umeshauzwa. Kuna vijana wanaoitwa mawinga, kazi yao ni kuwadaka wageni na kuwapeleka kwenye maduka yanayowalipa. Nimewasikia kwa masikio yangu: "Mama Aika? Kafunga huyo, kahamia Mbeya. Njoo nikupeleke kwa shemeji yake." Shemeji mwenyewe mama hajawahi kumtia machoni.

Bila Mama Halima na wenzake wa mbali, kodi ya kile chumba cha juu tusingeimudu. Mama alishasema ikishindikana atarudi Moshi kwenye migomba ya babu, mimi nibaki kwa shangazi Buguruni mpaka nimalize shule. Alilisema hilo akicheka sana. Nilienda chooni nikalia, nikanawa uso, nikarudi kufunga maboksi.

Aliyeleta dawa ni kaka Eli, mtoto wa mjomba, aliyekuwa akisoma kompyuta kwenye chuo kimoja mjini.

"Shangazi, dunia imebadilika," akasema. "Tunakufungulia tovuti."

"Ndiyo nini?"

"Duka ndani ya kompyuta. Mtu yuko Moroni anakuona."

"Ananionaje na mimi nimejifunga kanga?"

Eli alikuwa na anwani ya barua pepe ya mtoto wa Mama Halima, waliwahi kuachiana walipokutana dukani. Alisema tovuti ikiwa tayari atamwandikia, mama yake ataisoma, kazi imekwisha. Akaazima kamera, akajifungia na kompyuta ya rafiki yake wiki nzima. Mimi nilimwandikia maneno ya kukaribisha. Niliyatunga kwa bidii kama insha ya mtihani.

Siku ya kuonyesha, tulikwenda wote intaneti kafe ya Mnazi Mmoja. Mama alimwalika na Mzee Kanti, Mhindu wa duka la vitambaa lililotazamana na letu. Mzee anakaa Upanga, lakini maisha yake yote ameyamalizia Kariakoo, na mama hafanyi jambo kubwa bila yeye kulinusa. Alikuja na chevda yake, vile vitafunio vya Kihindi vya chumvi na pilipili, ndani ya karatasi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu. Leo umesema kwa sauti! Mvua itanyesha."

Eli akabofya. Tukasubiri. Kioo kilikuwa cheupe. Tukaendelea kusubiri.

"Mwenye duka bado amelala?" Mzee Kanti akauliza, akitafuna.

"Inakuja, mzee. Picha ni kubwa."

Ukatokea ukingo wa theluji, kisha theluji zaidi, kisha mlima Kilimanjaro wote, polepole kama unapanda kwa miguu. Chevda ilikuwa imebaki chumvi tu kwenye karatasi. Halafu muziki ukalipuka, tarumbeta na ngoma, mpaka dada wa kafe akageuka. Jina la mama likaanza kukimbia kutoka kulia kwenda kushoto likiwaka moto. Dunia ndogo ikazunguka pembeni. Chini yake alikuwapo Eli mwenyewe ndani ya suti, amekunja mikono.

Mama alipiga vigelegele. Na mimi, sikufichi, niliona ni kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuviona.

Mzee Kanti alivaa miwani. "Haya," akasema, "mimi ni fundi. Nimetoka Moroni, nina haraka, nimelipia kompyuta hii kwa dakika. Huu mlima unauzwa?"

"Hapana, mzee, huo ni urembo."

"Huyu kijana wa suti anauzwa?"

"Huyo hata bure hachukuliwi," mama akasema, na dada wa kafe akacheka hadharani.

"Sasa mnauza nini? Natafuta kifungo, sikioni. Bei, siioni. Duka liko wapi, sijui. Nikitaka kupiga simu, nampigia nani?" Akasoma maneno yangu kwa sauti, yote, yale ya upeo mpya wa maendeleo. Nilitamani sakafu ifunguke. "Maneno matamu haya. Lakini hata zipu moja haimo."

Eli akanuna. "Mzee, hii ndiyo fasheni ya sasa."

"Sikatai fasheni, baba. Mmejipamba, mmependeza. Lakini mgeni amekuja mpaka ndani, na hakuna aliyemvutia kiti."

Mama akaanza kucheka kile kicheko chake cha asubuhi. Nikamwinamia sikioni, nikamnong'oneza.

"Sema wewe," mama akasema. "Usinifanye mimi spika yako."

Nikasema, sijui nilitoa wapi pumzi. "Maboksi. Tuweke maboksi. Mtu aone kifungo kimoja kwa mbele, akikibofya ndiyo afungue vilivyomo. Na bei pembeni, kama ukutani. Ili asilazimike kuuliza." Wote walikuwa wananitazama. "Kuna watu wanaona haya kuuliza," nikamalizia, na nikaangalia viatu vyangu.

Eli alikaa kidogo na kununa kwake, kisha akavuta karatasi ile ya chevda na kuanza kuchora juu yake. "Kali hiyo," akasema. "Aika, kali sana. Rudia ile ya kubofya."

Tulifanya upya, safari hii watu wote. Mlima ukaondoka, na muziki, na suti, ingawa suti iliondoka kwa mabishano. Juu kabisa tukaandika jina la mama na mstari mmoja tu: vifungo, zipu, nyuzi na lesi kwa jumla na rejareja, Kariakoo. Chini yake safu ya vifungo, picha ndogo ndogo zinazofunguka upesi, kwa mpangilio ule ule wa ukutani, mama alikataa kabisa upanguliwe. "Mteja ameshazoea mkono wake unaenda wapi," alisema. Namba ya simu tuliiweka kila ukurasa, si kuificha mwisho. Saa za kufungua zikawekwa, na kwamba Jumapili tuko kanisani. Mama alipigwa picha amesimama mbele ya maboksi, uso wake unaonekana wazi, maana winga anaweza kudai yeye ni shemeji lakini sura ya mama hawezi kuivaa.

Njia niliiandika mimi. Nilitoka kituo cha Msimbazi nikatembea kama mgeni, nikisimama kila nilipopata wasiwasi, na penye wasiwasi ndipo nilipoandika. Mkono wa kulia kuna duka la masufuria. Usivuke. Ingia mlango wa kijani. Ngazini tulifunga lesi ya njano kwenye chuma cha kushikia, kutoka chini mpaka mlangoni kwetu. Nikaandika: "Ifuate lesi ya njano. Ukiambiwa duka limehama, ni kweli, limehamia hapa. Ukiambiwa limefungwa, mcheke anayekwambia, uendelee kupanda."

Eli akaituma Moroni. Jibu halikuja.

Nyumba ya zamani ikabomolewa. Tukahamia juu. Siku zikapita na mtu anayeuza masanduku akawa ndiye mgeni wetu pekee, anakuja kuomba chenji. Mama alianza kucheka kila asubuhi. Mimi nilizidi kupanga maboksi yaliyokwisha kupangwa.

Kisha Jumamosi moja tukasikia ugomvi ngazini, sauti ya mwanamke inapanda nayo.

"Limeungua? Limeungua lini, mwongo wewe, na lesi yake naishika hivi hapa!"

"Mama, nakwambia huko juu ni stoo..." sauti ya winga ikajibu.

"Hebu nikucheke kwanza, maana nimeagizwa nikucheke." Na akacheka kweli, ha ha ha, mpaka jengo zima likaitika.

Mama Halima akatokea mlangoni, jasho linamtiririka, shiromani yake, ile nguo ya kujitanda ya Kikomoro, imeanguka mabegani, karatasi iliyochapishwa mkononi. Nyuma yake walikuwapo mafundi wengine wawili wa Moroni ambao hatujawahi kuwaona. Akaitazama picha, akamtazama mama, akarudi kwenye picha.

"Ndiye," akawaambia wenzake. "Isipokuwa hapa amekonda." Kisha wakakumbatiana, na mama hakucheka hata kidogo. Alinyamaza kimya, mwanangu. Kimya kabisa, kama anaonja mboga. Hapo nikajua hatuendi Moshi.

Mama Halima alipopata maji akauliza, "Nani kaiandika hii njia? Kaandika kama ananishika mkono. Ila ngazi hamkusema ni ndefu, nikifika nyumbani magoti yangu yatawashitaki."

Mimi nilikuwa nyuma ya maboksi ya zipu. Mama akanyoosha kidole tu, kama mteja. Na nikatoka.

Jioni Eli aliongeza kwenye tovuti: ngazi ni ndefu, maji ya kunywa yapo juu. Tangu hapo kila bei inapobadilika ukutani, inabadilika na huko siku hiyo hiyo. Mama haruhusu pawe na uongo hata wa shilingi moja.

Basi mwanangu, nasaha yangu ndiyo hii, ingawa ni ya mtu ambaye hajamaliza hata shule. Siku ukifungua duka ndani ya kompyuta, au ndani ya kitu kingine watakachokuwa wamekibuni wakati huo, usianze na kujipamba. Mfikirie mtu mwenye haya aliyesimama mlangoni, mwenye haraka, asiyemjua mtu. Mwambie mara moja unauza nini. Mwonyeshe kimoja kwa mbele ili ajue vilivyomo. Bei iwe wazi, namba ya simu isitafutwe, na njia uitembee kwa miguu yako kabla hujaiandika. Asisubirishwe mpaka chevda iishe. Aone sura yako ili akuamini, na usiache habari za zamani zikae hapo zinadanganya kwa niaba yako. Akishapata hayo, ukitaka kumwekea na mlima, mwekee mdogo.

Na ukizaliwa na haya kama mimi, usihangaike kuitupa. Iulize inaogopa nini, halafu waondolee wengine kitu hicho njiani.

Mungu akukuze, mwanangu ambaye bado sijakuona. Akupe wateja wanaocheka ngazini, jirani wa kukuambia ukweli huku anatafuna, na mama wa kukutoa nyuma ya maboksi. Popote utakapohamia, hata iwe juu kiasi gani, wanaokupenda wakufikie bila kuuliza njia.